Majina Kumi kwa Siku

Kwenye makao yetu ya wazee, mtu akifika hapewi kwanza kitanda wala chai. Anapewa utepe. Ni kipande cha kitambaa cheupe, urefu wa kidole, kinachoshonwa ndani ya ukosi wa kila nguo yake, ili nguo zikitoka kwenye mashine kila moja irudi kwa mwenyewe. Kalamu haifai kwa kazi hiyo, maana maji ya moto huifuta kwa mara mbili tatu tu. Lazima uzi. Na aliyekuwa akishona kwa uzi mwekundu, herufi kwa herufi, miaka ishirini na sita, ni mwenzangu huyu ninayetaka kumsimulia.

Sote tulimwita Dobi. Wazee walimwita Dobi, msimamizi alimwita Dobi, hata mlinzi wa getini, ambaye humbandika kila mtu jina la utani, yeye alimwacha na hilo hilo akasema halihitaji chumvi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imekunjamana kuliko uso kwa ajili ya sabuni, na alitembea akiinamia upande mmoja kidogo, kwa kuwa kikapu cha nguo alikibeba kwenye nyonga ile ile siku zote. Mimi nilikuwa mpishi. Mlango wa jiko langu unatazamana na mlango wa chumba cha kufulia, na katikati pana ua wenye kamba za kuanikia. Kwa hiyo maisha yake mengi niliyaona kupitia mashuka.

Hakuolewa. Alilelewa na kaka yake, naye akalea watoto wa kaka yake, na wale watoto walipokua wakatawanyika, kila mmoja na njia yake. Walimkumbuka shangazi yao pale mmoja anapofunga ndoa au anapougua. Alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Nilikwenda mara moja kumpelekea dawa ya kifua. Nikaona kitanda, jiko dogo, redio, na kiti kimoja. Nikakaa kwenye kiti, yeye akakaa kitandani, akasema, "Jinafasi, Mama Pacha. Hicho kiti hakijakaliwa na mtu mwingine tangu nikinunue."

Alisema akicheka. Mimi ndiye Mama Pacha, nina pacha na wengine wawili wanaowafuata. Nilicheka naye, lakini nilipofika kwangu nilimwombea kwa Mungu muda mrefu kuliko kawaida.

Anasa yake moja ilikuwa daftari. Daftari la shule la kurasa nyingi, jalada lake limelainika kama kitambaa. Kila alipokuja mtu mpya wa kushonewa utepe, Dobi alimwuliza, "Jina lako maana yake nini? Na ni la lugha gani?" Kisha anaandika. Wazee wanapenda sana kuulizwa. Mtu ambaye kwa miaka mitano hajaulizwa kitu isipokuwa kama ameshakunywa dawa, ukimwuliza maana ya jina lake anakaa wima. Alikuwepo mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyesomea lugha za kale, ambaye kabla hajafariki alimjazia kurasa nyingi kuliko wote. Kwake Dobi alijifunza kwamba Irene kwa Kigiriki ni amani, na Salome kwa Kiebrania ni hiyo hiyo amani.

"Ukiwakuta Irene, Salome na Amani kwenye benchi moja," aliniambia siku moja akikung'uta foronya, "ujue ni mtu mmoja aliyebadilisha gauni."

Debora ni nyuki. Margareta ni lulu. Rahel ni kondoo jike, na bibi mmoja Rahel alipoambiwa hivyo alinuna siku mbili, mpaka Dobi akamwandikia kwa uzi wa bluu badala ya mwekundu ndipo akatabasamu. Daudi wa Kiebrania na Habiba wa Kiarabu wote ni mpendwa. Na tulikuwa na Daudi mmoja na Habiba mmoja wasiopeana hata salamu. Dobi akawaambia, "Nyie mnagombana bure, majina yenu ni ndugu."

Daudi akajibu, "Basi mwambie ndugu yangu arudishe mto wangu."

Jina lake mwenyewe alikuwa ameliandika ukurasa wa kwanza. Nafasi ya maana ilikuwa tupu. Waliompa walikufa kabla hajapata akili ya kuuliza.

Sasa nifike kwa yule bibi.

Aliletwa na askari wawili asubuhi ya mvua. Walimkuta amekaa kwenye kituo cha mabasi, miguu imevimba, hana mkoba, hana karatasi, na hasemi. Hakuwa kiziwi, maana sufuria yangu ikianguka jikoni alishtuka. Hakuwa bubu pia, daktari alisema hivyo. Maneno yalikuwa yamejifungia ndani tu, yeye akabaki nje. Alikuwa mrefu, wa miaka kama themanini, kovu kwenye kiwiko cha kushoto, na alikuwa na desturi ya kulainisha kwa kiganja kitu chochote alichowekewa mbele yake, iwe meza, shuka au gazeti.

Kanuni ya makao yetu ni moja. Sisi ni wa wazee wenye ndugu wanaojulikana. Asiyejulikana hukaa siku tisini, na zikiisha kabla hajapatikana mtu wake, hupelekwa makao makubwa ya mbali, safari ya siku mbili. Tulishapeleka watu huko. Hatujapata kusikia habari za hata mmoja. Ndugu akimtafuta mzee wake huko, ni kutafuta sindano kwenye gunia la mchele.

Bibi yule akawekwa kitanda cha kumi na moja. Msimamizi akamwambia Dobi, "Shona namba tu."

Dobi akashona kumi na moja kwenye magauni mawili na sweta. Alipomaliza alikuja jikoni, akakaa kwenye gunia langu la viazi, akasema, "Nimefua nguo za watu miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza nimeshona namba. Nimejisikia kama nimempiga mtu."

"Si kosa lako."

"Ndiyo. Lakini mkono uliopiga ni wangu."

Akaanza kumchukua bibi baada ya chakula cha mchana, anamshika mkono, anamleta chumba cha kufulia, anamkalisha kwenye kiti karibu na mlango ambapo jua huingia. Anampa foronya. Na mikono ya bibi ilijua. Ilikunja mara mbili, ikageuza, ikalainisha, ikaweka. Dobi anakunja za upande huu, bibi za upande ule, mashine zinazunguka, na wala hapana neno. Siku chache zilipopita niligundua kwamba Dobi alikuwa ameacha kuja kunywa chai ya saa tisa kwangu. Alikuwa anainywea kule, vikombe viwili.

Ndipo akapata lile wazo lake. "Hajui kusema jina lake," aliniambia, "lakini huenda anajua kulisikia. Mimi ninayo majina ya wanawake mia nne na kitu kwenye daftari. Nitamsomea."

"Yote?"

"Kumi kwa siku. Zaidi ya hapo nitamchosha."

Basi ikawa hivyo. Mimi nikisugua masufuria nilikuwa namsikia ng'ambo ya ua, sauti ya pole kama mtu anayeita kuku wa jirani bila kutaka jirani asikie. "Klara. Kilatini. Maana yake angavu." Ananyamaza, anamtazama bibi. "Jamila. Kiarabu. Mzuri." Ananyamaza. "Viktoria. Kilatini. Ushindi." Foronya zinakunjwa. "Dorotea. Kigiriki. Zawadi ya Mungu." Alisoma jina pamoja na maana yake kila mara, kwa sababu, alisema, labda bibi amesahau jina lakini anakumbuka maana, au kinyume chake.

Mlinzi alikuwa akipita anamtania. "Dobi, na langu nalo umelisoma?"

"Lako ni la kiume."

"Soma tu, huenda akaitika, nipate mchumba."

"Wewe nenda kafungue geti, kuna gari linapiga honi."

Wiki ikaisha, ya pili ikaisha, ya tatu. Bibi hakugeuka kwa Kigiriki wala kwa Kiarabu wala kwa Kiebrania. Dobi akaingia kwenye kurasa za majina yetu ya Kiswahili, yale yenye maana iliyo wazi hata kwa mtoto: Subira, Vumilia, Masumbuko. Na siku ya arobaini na tisa tangu bibi afike, saa nane mchana, akasoma, "Sikudhani. Kiswahili. Jambo lililokuja bila kutarajiwa."

Bibi aliacha foronya ikaanguka.

Dobi alinisimulia mara nyingi kilichotokea, na kila mara alisimulia vile vile. Bibi aliinua uso wote. Macho yake, yaliyokuwa kama dirisha la nyumba iliyohamwa, yakawa na mtu ndani. Akashika mikono ya kiti akasimama mwenyewe, akautazama mlango, akatabasamu huku machozi yanamtoka. Akasimama hivyo muda mrefu akiutazama mlango.

Dobi akapiga kelele ya furaha nikadhani ameungua kwa pasi. Nikakimbia na mwiko mkononi. "Sikudhani!" alikuwa anasema. "Anaitwa Sikudhani! Wazazi wake hawakumtarajia, Mama Pacha, ndiyo maana yake!"

Tulikumbatiana pale kati ya kamba. Jioni ile alifumua namba zote, akashona jina kwenye kila nguo ya bibi, hata kwenye soksi. Msimamizi akafurahi, akapeleka tangazo redioni: amepatikana bibi aitwaye Sikudhani, miaka themanini hivi, mrefu, ana kovu kwenye kiwiko cha kushoto, ndugu zake wafike. Tangazo likasomwa kila siku baada ya taarifa ya habari ya mchana.

Hakuja mtu.

Na huku ndani mambo yakaharibika. Tulikuwa sasa tunamwita kwa jina, kwa upendo kabisa. "Bi Sikudhani, habari za asubuhi?" Naye kila akiitwa anageuka upesi kuutazama mlango. Anangoja. Kisha anarudisha uso, na kila mara uso ulirudi umezeeka zaidi. Nesi akimwita ale, anatazama mlango, na chakula kinapoa. Ikafika mahali akisikia lile jina analia kimya kimya, mkono unalainisha shuka, unalainisha, unalainisha. Uzito ukapungua. Nesi akasema ni umri.

Dobi hakulala vizuri siku zile, ilionekana usoni. "Nimempa jina lake," alinong'ona, "mbona linamuumiza? Mtu anaumizwa vipi na jina lake?"

Nilimwambia tusali, tukasali, mimi na yeye, tumesimama kando ya mashine iliyokuwa ikikamua. Na siku zikaendelea kwenda, sabini, sabini na tano, sabini na tisa.

Siku ya themanini na moja alikuja mwanamke wa idara ya afya kutupima wafanyakazi shinikizo la damu. Tulipangwa ukumbini kwenye mabenchi. Nesi wetu akashika orodha akawa anaita majina kamili kama yalivyo kwenye faili. Akaita moja. Kimya. Akaita tena. Kimya. Watu wakaanza kutazamana. Mimi nami nikamgeukia mfagizi nikamwuliza, "Huyu anayeitwa ni nani? Mbona anatuchelewesha, nina maharage motoni!"

Nesi akashusha orodha. "Mama Pacha, ni wewe!"

Ukumbi mzima ulilipuka. Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mpimeni kichwa kwanza, shinikizo baadaye!"

Dobi alikuwa amekaa pembeni yangu, naye anacheka mpaka anafuta macho kwa ncha ya aproni. "Jamani, mtu anasahauje jina lake mwenyewe?"

Ulimi hauna mfupa. Mungu amenisamehe, naamini, lakini mimi bado naukumbuka. Nilikuwa nimeona aibu, nikataka kumrudishia, nikasema kwa sauti ya mzaha, "Ungezaa ungejua, dada. Tangu wale pacha watoke tumboni, jina langu liko kwenye karatasi tu. Ita jina langu sigeuki. Ita Pacha, hata niko usingizini nitatafuta mtoto kalia wapi."

Watu walicheka tena. Dobi hakucheka. Aliacha kinywa wazi kidogo, uso ukapauka, na mimi nikaona nilichofanya. Miaka ishirini na sita ya kukaa naye, sijapata kumtajia uzazi, na leo nimemtajia mbele ya watu. Nikamshika mkono. "Dada yangu, nisamehe, sikuwa na maana ya..."

"Umesema unatafuta mtoto," alisema.

"Nisamehe."

"Hapana, ngoja. Umesema ukisikia jina lao unamtafuta mtoto." Alikuwa ameshasimama. "Alitazama mlango, Mama Pacha. Hakunitazama mimi niliyemwita. Alitazama mlango!"

Akatoka mbio, akaacha foleni, akamwacha mwanamke wa idara na mpira wake wa kupimia. Nikamfuata. Bibi alikuwa amelala kitandani kwake, uso ukutani, chai haijaguswa. Dobi akapiga magoti. Kwanza aliushika mkono wa bibi, maana kwa siku thelathini na mbili kila alipomwita alimletea kilio.

"Mama Sikudhani," alisema.

Bibi akageuka. Safari hii hakutazama mlango. Alimtazama Dobi usoni, kwa utulivu wa mtu aliyeitwa kama anavyoitwa siku zote sokoni, kisimani, msibani, harusini.

"Abee," akasema.

Ilikuwa sauti nene, yenye mikwaruzo, sauti nzuri. Nililia mimi. Dobi hakulia. Aliinama akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, akabaki hivyo. Baadaye ndipo aliponiambia alichokuwa akifikiri. "Ningemwuliza mwanamke yeyote hapa, yeyote mwenye mtoto, angeniambia siku ile ile. Sikuuliza. Mimi hakuna aliyewahi kuniita Mama Fulani, basi wala halikunijia kichwani kwamba mtu anaweza kuishi ndani ya jina la mwanawe."

Na alikuwa na kazi ngumu mbele, kwenda kwa msimamizi kukiri. Nilitaka niende naye, akakataa. Nilisikia kwa nje.

"Wiki nne na nusu, Dobi! Redio imesoma jina la mtu mwingine wiki nne na nusu! Unajua zimebaki siku ngapi?"

"Tisa, mama."

"Na huyu mwanawe kama amekufa? Kama yuko nchi nyingine?"

"Sijui, mama. Kosa ni langu. Naomba lisomwe upya."

Msimamizi si mtu mbaya. Nikasikia anazungusha simu.

Tangazo jipya lilisomwa siku iliyofuata: amepatikana bibi aitwaye Mama Sikudhani. Nyongeza ya neno moja tu. Siku ya themanini na mbili, kimya. Ya themanini na tatu, kimya. Dobi akawa anakuja kazini mapema kuliko mlinzi. Orodha ya gari la kwenda makao ya mbali ilishabandikwa ukutani, na kitanda cha kumi na moja kilikuwemo. Alimfulia bibi nguo zake zote, akazipiga pasi, akazipanga kwenye mfuko, kwa sababu aende aendako, hawezi kwenda na nguo zilizokunjamana.

Siku ya themanini na sita, asubuhi, nikiwa namenya vitunguu, mlinzi alikuja jikoni bila utani wowote usoni. "Kuna mama getini anasema anaitwa Sikudhani."

Alikuwa mwanamke wa makamo kama sisi, mrefu vile vile, amevaa viatu viwili visivyofanana, yaani alivaa kilicho karibu akatoka. Alikuwa amemtafuta mama yake miezi yote hiyo kwa upande wa pili kabisa, kwa dada mdogo wa mama, akidhani amekwenda huko. Msimamizi akamwuliza, mbona tangazo limesomwa mwezi mzima?

Yule mama akajishika kichwa. "Nililisikia! Nililisikia nikiwa napiga pasi! Nikawaambia majirani, haya sikilizeni, kuna wajina wangu amepotea. Tukacheka, na ya umri na kovu yakapotelea kwenye kicheko. Nikamwombea, jamani, nikasema Mungu amrudishe wajina wangu kwao. Jina langu mwenyewe! Ningejuaje? Mama yangu mimi haitwi Sikudhani, mama yangu anaitwa Mama Sikudhani."

Dobi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu kwenye nyonga. "Na jina lake yeye hasa ni nani?" akauliza taratibu.

Binti akafikiri. Alifikiri kwa muda uliotuaibisha wote. "Liko kwenye karatasi za kliniki," akasema. "Alikaa miaka kumi na minne kwenye ndoa bila mtoto, dada yangu. Walimsema sana. Nilipozaliwa mimi akasema, sikudhani. Na tangu siku ile akakataa kuitwa kingine. Mtu akimwita jina lake la usichana haitiki, anasema yule mliyekuwa mkimsema amekwisha kwenda zake."

Dobi aliinamisha kichwa. Sijui alikuwa anawaza nini. Ninachojua ni kwamba alikitua kikapu chini, jambo ambalo hakulifanya kwa mtu yeyote, akatangulia kumwonyesha njia.

Walivyokutana sitaweza kuandika. Binti alisema "Mama" mara moja tu, na bibi akautazama mlango, na safari hii palikuwa na mtu mlangoni.

Waliondoka mchana ule ule. Binti alitushukuru mmoja mmoja, akatushika mikono. Alipofika kwa Dobi alimwambia, "Karibu kwetu, dada, usikose." Dobi akasema atakuja. Bibi alikaa kwenye kiti cha nyuma cha gari, kiganja kinalainisha gauni lake magotini, hakugeuka kututazama. Gari lilipokwisha kupita geti, Dobi aliuliza saa. Nikamwambia saa tisa. Akasema, "Basi mashine ya pili imeshamaliza." Akaenda zake. Nilimpelekea kikombe cha chai chumba cha kufulia, nikamkuta anakunja foronya za upande wake, anazihesabu kwa midomo, kisha anavuta zile za upande wa pili anazikunja pia.

Ulipita karibu mwaka. Jumatatu moja alikuja jikoni, akakaa kwenye gunia la viazi, akaniambia kwamba jana yake alikwenda.

"Kwa Mama Sikudhani?"

"Saa tatu njiani. Wanaishi vizuri. Nyumba imejaa watoto mpaka huoni sakafu."

"Na yeye?"

"Amenenepa. Anasema sasa, siyo sana, lakini anasema. Wajukuu anawagombeza wote kwa jina moja, la yule mkorofi." Akacheka kidogo. "Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme."

"Hakukukumbuka?"

"Binti yake alimwinamia akamwambia, mama, huyu ndiye aliyekuwa anakutunza kule. Akaniangalia tena, kwa heshima. Kisha akamgeukia binti yake akauliza, mgeni amekula?"

Nikaacha kumenya. Dobi alikuwa anautazama ua, kamba zake, mashuka yaliyokuwa yakijaa upepo.

"Nilikaa naye siku zote zile, Mama Pacha, sikupata kwake ila abee moja. Sasa ana sebule yake, ana watu wa kuwaagiza, anauliza kama mgeni amekula. Niliona raha. Niliona raha, wallahi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikuwa nimeshakula. Binti alikuwa ameniandalia nilipofika tu, nimeshiba hata kupumua kazi." Alishusha macho kwenye mikono yake. "Nikamwambia, bado, mama."